Gemu isiyo na chiti ya pesa

Kitu cha kwanza nilichokitafuta siku nilipoifungua GTA IV (Grand Theft Auto IV) ni chiti ya pesa, yaani ile namba ya siri ya kujipatia pesa za bure ndani ya gemu. Sikutaka bunduki wala helikopta. Nilitaka pesa. Waliokulia kwenye San Andreas, gemu ya zamani ya mfululizo huo huo, wananielewa: chiti ndiyo ilikuwa hodi ya kuingilia. Hujakaa sawasawa kwenye benchi, mwenye kibanda hajamaliza kuangalia saa aanze kukuhesabia dakika zako, vidole vimeshaanza safari vyenyewe, R1, R2, L1 na mishale yake, na CJ, mhusika unayemchezesha, ana robo milioni ya dola mfukoni na fulana ya kuzuia risasi mwilini. Nilikuwa na kaunta buku. Kurasa za mbele zilikuwa za Jiografia, za nyuma za mishale. Za nyuma ndizo zilizochakaa.

Kwenye GTA IV chiti inapigwa kama simu. Unaitoa simu ya Niko, mhusika wa gemu hii, unabonyeza 486-555-0100, zinakuja silaha. Ukibonyeza 362-555-0100, unapona. Ukibonyeza 267-555-0100, polisi wanakusahau. Niliuliza kila niliyemjua namba ya pesa ni ipi, na jibu likawa lile lile: haipo. Wakati ule niliona ni uchoyo wa watengenezaji. Siku hizi nikibishana na mtu kuhusu gemu hii, naanzia hapo hapo.

Na ubishi haujaisha. Tangu trela ya kwanza ya GTA VI itoke Desemba 2023, watu wamerudi kwenye swali la zamani: ipi ni bora katika mfululizo huu, na ipi ilikuwa kosa. IV ina bahati ya kutajwa kwenye majibu yote mawili. Ilipotoka tarehe 29 Aprili 2008, wakosoaji waliimwagia sifa mpaka ikafikisha 98 kwa 100 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji, na wiki ya kwanza ziliuzwa nakala kama milioni 6, zaidi ya dola milioni 500. Sasa zibebe alama hizo umpelekee mtu aliyeimaliza San Andreas mara tatu. Atakuuliza swali moja tu: ndege ziko wapi?

Ni swali la haki. San Andreas ya mwaka 2004, kwenye PS2, ilikuwa na miji mitatu, mashamba, jangwa na mlima. Ulirusha ndege, ukashuka kwa parachuti, ukaendesha baiskeli, ukanenepa kwa baga na kupungua jimu, ukanyoa, ukabadili gari rangi na kulifunga nitro, ukanunua nyumba. Halafu zikaja mashine zenye nguvu mara nyingi zaidi, PS3 na Xbox 360, na watengenezaji, Rockstar North kule Edinburgh, wakatuletea jiji moja na kitongoji chake ng'ambo ya mto, bila ndege, bila parachuti, bila jimu, bila kinyozi. Ni kama fundi cherehani umpe kitambaa kingi kuliko cha mwaka jana, akurudishie shati la mikono mifupi.

Kisha kuna magari. Mtu aliyezoea kukata kona kwa kasi huku amekandamiza mafuta, ndani ya IV anajikuta kwenye ukuta kila baada ya mita hamsini. Gari linalala upande kama basi la mikoani lililojaza magunia kwenye keria. Ukigonga kwa kasi, Niko anapasua kioo cha mbele na kutua barabarani. Kuna misheni ambazo hazina kituo cha katikati, yaani ukifa mwishoni, mchezo unakutumia ujumbe kwenye simu kukuuliza kama unataka kurudia, na kurudia maana yake ni tangu mwanzo, pamoja na ile safari ya gari ya dakika nne ambayo maongezi yake umeshayakariri. Na misheni zenyewe, tuseme ukweli, nyingi ni mchoro mmoja: nenda, piga risasi, kimbia. Toleo la kompyuta la Desemba 2008 nalo lililaumiwa dunia nzima kwa uzito wake. Mimi niliikuta mwaka 2011, kwenye kompyuta ya kuazima ambayo hata bila gemu ilikuwa inahema, na kwa wiki nzima nilidhani Liberty City, jiji la gemu hii, ni jiji ambalo watu hutembea kwa kurukaruka.

Hizo ndizo hoja, na mimi nilikuwa miongoni mwa wazitoao kwa karibu mwaka mzima. Sizifuti hata moja. Ila nikiwasikiliza wanaozirudia, naona wote tunaipima IV kwa kitu kimoja, nacho ni uhuru wa CJ. Hatujiulizi kama huyu mtu tuliyepewa alikusudiwa awe huru.

Niko Bellic anashuka usiku kutoka kwenye meli iitwayo Platypus. Ni mtu wa Ulaya Mashariki, amepigana vita vya Balkani akiwa kijana mno, na kilichobaki kwake ni uzoefu ambao hauandikwi kwenye barua ya kuomba kazi. Amekuja kwa sababu ndugu yake Roman amekuwa akimwandikia barua: ana jumba, ana magari ya michezo, ana wanawake, Marekani imemnyookea. Roman anafika bandarini amelewa. Gari ni teksi iliyochoka. Jumba ni chumba kimoja huko Hove Beach, mtaa wa Liberty City, chenye mende wenyeji kuliko yeye. Biashara ni kiofisi cha teksi, na juu yake kuna madeni ya kamari kwa watu ambao huwezi kuwadanganya mara mbili.

Mchezaji wa Marekani au Uingereza alilipokea tukio hili kama kichekesho cha kufungulia hadithi, na kweli linachekesha. Sisi wa pwani tulikuwa na majina yake tayari. Kuna kuzamia, yaani kujificha kwenye meli ukiamka uko majuu. Kuna baharia, neno ambalo Dar es Salaam limevuka maana ya mtu wa melini likawa la yeyote anayejitafutia kwa akili na miguu yake. Kuna kubeba boksi. Na kuna ile picha ambayo kila ukoo unayo kwenye albamu: jamaa amesimama pembeni ya gari jekundu, theluji nyuma yake, mkono kwenye boneti kana kwamba amelizaa. Miaka kumi baadaye ndipo unapoambiwa gari lilikuwa la jirani. Roman ndiye mtu wa picha ile. Tofauti ni kwamba IV inakuweka ndani ya picha, unaona hata upande uliokatwa.

Nikupe na dogo la pembeni. Roman anamwita Niko kwa Kiingereza neno ambalo kamusi zetu hulitafsiri binamu, na maskini neno hilo limekuwa mzaha wa mtandaoni kwa miaka. Lakini wote wawili ni Bellic. Kwetu, mtu mwenye jina moja la ukoo na wewe kwa upande wa baba si binamu hata kidogo. Ni ndugu, mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo, na ukimwita binamu mbele ya wazee utaulizwa kama mna ugomvi. Ukiisikiliza gemu na sikio hilo, simu zake zinabadilika.

Simu zake, sasa. Hakuna kinacholalamikiwa kama simu za Roman. Uko katikati ya kukimbizwa na polisi, matairi mawili yamepasuka, simu inaita: Roman anataka mkacheze bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha vipande vya mbao. Unamkatalia. Mapenzi yake kwako yanashuka. Baada ya muda anapiga rafiki mwingine, Little Jacob, anataka mkale. Halafu Brucie, halafu Packie, halafu Dwayne ambaye ametoka jela na hana wa kuongea naye. Wachezaji waligeuza simu hizi kuwa mfano wa kila kilicho kibaya kwenye gemu ya kisasa: kukupa kazi za nyumbani wakati umekuja kucheza.

Mimi ninakiri zilinichosha. Lakini tazama walivyoziunda. Kukataa kunakupunguzia. Kukubali kisha usitokee kunakupunguzia zaidi. Kuna ujanja unaojulikana na wachezaji wengi: unakubali, unasubiri kidogo, kisha unapiga wewe mwenyewe na kuahirisha kwa adabu, na hapo hupotezi kitu. Yaani mchezo umetungwa na watu wa Edinburgh, na ndani yake wameweka sheria ya "nipo njiani"! Anayeijua sheria hiyo ni nani kuliko sisi? Ndugu anakupigia Jumamosi, hutaki kwenda, humwambii sitaki. Unamwambia nakuja. Baadaye unapiga: foleni, kaka, foleni Ubungo. Undugu unabaki salama. Na kama hutaki kusumbuliwa kabisa, simu ya Niko inazimwa sauti kwenye menyu yake. Wengi wa waliolalamika miaka yote hii hawajawahi kuifungua menyu hiyo, au waliifungua wakashindwa kuizima. Mimi ni wa kundi la pili.

Na marafiki hao wanalipa kwa wanachojua. Jacob anakuja na buti lililojaa bunduki za bei ya chini. Roman anakutumia teksi ya bure. Packie anakuletea bomu la gari. Dwayne anakutumia vijana wawili. Ni uchumi wa mtu asiye na vibali: huna benki, huna bima, una watu. Kila mchezo wa aina hii unakupa silaha. Huu unakutaka ukale naye kwanza.

Turudi kwenye pesa, maana nimeahidi, na ndilo jambo ambalo limenizungusha kichwa zaidi ya yote.

Mwanzoni Niko hana kitu, na mchezo unakufanya uione shida hiyo senti kwa senti. Baadhi ya madaraja yana kizuizi, na kupita ni dola 5. Kwenye San Andreas ningekigonga kizuizi bila kufikiri. Humu nikigonga naongezewa polisi, gari lenyewe halikati kona, afya yangu nusu, na hospitali itanitoza. Nikalipa. Nilikaa kwenye foleni ya magari ya bandia, nikasubiri zamu, nikatoa dola tano. Sijui gemu nyingine iliyowahi kunifanya nipange foleni kwa hiari.

Katikati ya hadithi inakuja misheni ambayo hata maadui wa IV wanaipenda, Three Leaf Clover. Niko na ndugu wa familia ya McReary, ile ya Packie, wanaivamia Benki ya Liberty, mambo yanaharibika, na mnapigana na polisi mtaa kwa mtaa mpaka ndani ya njia za treni ya chini ya ardhi. Ukitoka hai, fungu lako ni dola 250,000.

Soma kiasi hicho tena. Ni robo milioni. Ni kilekile ambacho chiti ya San Andreas ilikuwa inampa CJ kwa kubonyeza vitufe sekunde tatu. Hapa umekitolea jasho, umewaua watu wasiohesabika, mwenzenu mmoja amebaki sakafuni benki. Unatoka mtaani na mfuko umejaa. Unanunua nini?

Hakuna. Nyumba haziuzwi, unalala pale hadithi inapokuweka. Magari hayafungwi nitro. Biashara huwezi kumiliki. Kuna suti kwenye duka la Perseus huko Algonquin, na ukishanunua mbili tatu umemaliza. Kuna risasi. Kuna soseji kwenye mkate kwa muuza wa kona. Siku ile, baada ya wizi mkubwa kuliko wote kwenye jiji, nilinunua soseji.

Hoja ya upande wa pili hapa ni nzito na sitaki kuipitia haraka. Wanasema: huo ni uchumi uliovunjika. Zawadi isiyo na matumizi si zawadi, na mchezaji akishajua pesa haina kazi, nusu ya sababu ya kufanya misheni imekufa. Wanalinganisha na GTA V ya 2013, ambako kwa misheni za mhusika aitwaye Lester na soko la hisa unaweza kumfikisha mhusika mmoja kwenye mabilioni, na ukanunua mpaka uwanja wa gofu. Wanalinganisha na Saints Row 2, gemu ya kampuni nyingine iliyotoka Oktoba ya mwaka uleule wa 2008 na kuwachukua wote waliotaka kuruka na kucheka. Kwa kipimo cha ufundi wa michezo, wako sahihi. Inawezekana kabisa kwamba nyumba za kununua ziliachwa kwa sababu muda ulikwisha. Gemu ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, kutoka Oktoba 2007. Sitasema kila pengo ni falsafa.

Ila pengo hili limeangukia mahali pake. Kwa sababu Niko, inadhihirika baadaye, hakuja kwa ajili ya jumba la Roman. Kikosi chao kule vitani kilikuwa na vijana kumi na watano, wakasalitiwa, wakafa kumi na wawili. Waliobaki ni watatu, na Niko anajua yeye si msaliti. Amevuka bahari kumtafuta aliyewauza. Anamtafuta mchezo mzima, anaua kwa ujira ili apewe habari zake, na mwishowe analetewa mtu huyo uwanja wa ndege wa Francis: Darko Brevic, amekonda, amekwisha kwa dawa za kulevya. Niko anamuuliza alilipwa kiasi gani. Dola elfu moja. Niko anashangaa, umewauza wale kwa elfu moja? Na Darko, hana hata nguvu za kusimama, anamrudishia swali: wewe unatoza kiasi gani kumuua mtu?

Nilikuwa nimekaa na pedi mkononi, na kwenye kona ya skrini kiasi cha pesa zangu kilikuwa laki kadhaa za dola. Zote nilizipata kwa kazi hiyo hiyo. Nilikuwa sijazitumia, kwa kuwa hakuna pa kuzitumia. Zilikuwa zimekaa pale kama jibu la swali lake.

Kwenye San Andreas tukio hilo lisingewezekana. Ningekuwa nimebonyeza mishale, pesa isingekuwa na maana ya kuchuma, na Darko angeuliza hewa. Ndiyo maana nasema kukosekana kwa chiti si uchoyo. Hata kama ni bahati tu, ni bahati ninayoitetea.

Nikishalikubali hilo, na magari nayo yananikaa. Yanaelemea kwa sababu kila kitu jijini kinaelemea. Rockstar walitumia teknolojia ya Euphoria kufanya miili isianguke kwa mchoro uliorekodiwa bali kwa kujaribu kusimama: mtu uliyempiga kikumbo anayumba, anatafuta ukuta, anashika mlango wa gari unaloondoa na kuburuzwa nalo. Niko akilewa hawezi kupanda ngazi. Ukijifunza kukanyaga breki kabla ya kona, siyo ndani ya kona, baada ya siku tano unaanza kuendesha kama mtu mwenye leseni, na kurudi kwenye gari la San Andreas unahisi umekalia sahani ya plastiki. Sisemi lazima upende. Nasema ilikuwa na mantiki, na wengi tuliihukumu kabla ya siku ya tano.

Jiji lenyewe halina haja ya utetezi mrefu. Broker ni Brooklyn, Algonquin ni Manhattan, kila mtu anajua. Mvua ikinyesha watu wanafungua miavuli. Sanamu ya Uhuru imegeuzwa Sanamu ya Furaha, imeshika kikombe cha kahawa, na ukiingia ndani yake unakuta moyo mkubwa unaodunda, umefungwa minyororo. Unaweza kukaa kiti cha nyuma cha teksi usiifanye kazi yoyote, ukaangalia tu. Redio ya IF99 mtangazaji wake ni Femi Kuti, mtoto wa Fela, na mara ya kwanza nilipoisikia sauti ya mtu wa Lagos inanikaribisha ndani ya New York ya uongo nilisimamisha gari. Mambo hayo yanapungua, kwa njia. Mwaka 2018 haki za baadhi ya nyimbo ziliisha, na Vladivostok FM, redio ya Warusi wa Hove Beach, ikapoteza sehemu kubwa ya muziki uliokuwa roho yake. Mwaka 2020 toleo la kompyuta likaondolewa uchezaji wa pamoja mtandaoni. Anayeicheza leo kwa mara ya kwanza anacheza pungufu ya ile tuliyobishania.

Kuna mahali ambapo sina utetezi. Niko anasikitika kwa maneno kwa kila anayemuua, kisha kabla hujafika nyumbani ameshaua kumi wengine njiani, na hawaongelei. Masikitiko yake yanakaa kwenye video za hadithi tu, ukishika pedi yanayeyuka. Waliosema gemu hii inahubiri kwa mdomo na kuchinja kwa mkono wamesema kweli. Na wanawake wameandikwa kwa penseli. Michelle, mpenzi wa kwanza wa Niko jijini, ni mtego wa serikali na hana zaidi ya hapo. Kate McReary, dada yake Packie, anapewa busara zote za hadithi na dakika chache mno za kuishi.

Upungufu huo wa Kate unaugusa mpaka mwisho. Hadithi inakufikisha kwenye njia panda: kukubali dili la pesa pamoja na Dimitri, mtu aliyekuuza, au kumfuata na kulipiza kisasi. Roman anataka uchukue pesa, mwanze maisha. Kate anakusihi usifanye biashara na mtu kama huyo. Ukimsikiliza Kate, anakufa Kate, kwa risasi zilizokulenga wewe, nje ya kanisa siku ya harusi ya Roman. Ukimsikiliza Roman, anakufa Roman, harusini kwake. Ushauri unaoufuata unamuua aliyekupa. Sijui kama kuna hadithi ya kikatili zaidi kwenye mfululizo huu, na GTA V, iliyouza zaidi ya nakala milioni 200, haikuthubutu: ilikupa njia ya tatu ya kuwaokoa wote, na karibu kila mtu aliichagua.

Wengi husema mwisho wa Kate ndio "sahihi", kwa kuwa Roman anabaki. Nadhani tunasema hivyo kwa kuwa Kate hatukupewa nafasi ya kumjua. Roman tulipewa. Tulipewa kila baada ya dakika ishirini, mpaka tukachoka.

Mara ya kwanza mimi nilichagua pesa. Mtoto wa chiti, ungetegemea nini? Niliona robo milioni mpya, nikaona ndugu yangu mwenyewe anazitaka, nikasaini. Baada ya kifo cha Roman na misheni ya mwisho, mchezo ulinirudisha mtaani, jiji likiwa lilelile, skrini ikinionyesha pesa nyingi kuliko nilizowahi kuwa nazo. Niliendesha polepole, breki kabla ya kona. Simu haikuita. Nilipita karibu na Hove Beach, haikuita. Ilipoita hatimaye nilishtuka, nikaitoa haraka, kumbe ni Little Jacob, anataka tukatupe vishale. Nilimwambia nakuja, na safari ile nilikwenda kweli.